Je, majaribio ya Kezilahabi yalizikwa pamoja naye?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na sita. Tangu Profesa Euphrase Kezilahabi afariki, nimekuwa nikisikia akitajwa kama mwandishi mkubwa wa majaribio, yaani wa kujaribu maumbo mapya ya uandishi. Hata hivyo wanafunzi wangu wanamjua kwa riwaya yake ya Rosa Mistika tu, na mimi mwenyewe nilipoanza kusoma riwaya yake ya Nagona niliiweka chini kabla ya kufika nusu. Je, majaribio hayo yameacha urithi wowote, au yaliishia kwake? Na kama urithi upo, mtu kama mimi aanzie wapi kuushika?

Jibu: Mwalimu, majaribio ya Kezilahabi hayakuzikwa naye, ila urithi wake umegawanyika vibaya. Sehemu moja imeenea kiasi kwamba watu wanaitumia kila siku bila kukumbuka ilitoka kwa nani, na sehemu nyingine imebaki mikononi mwa watu wachache wa vyuo vikuu. Wewe umekwama katikati ya sehemu hizo mbili, wala siamini kwamba kilichokukwamisha ni upungufu wako wa elimu au wa subira. Naamini kilichokukwamisha ni namna ya kusoma tuliyofundishwa sote na tunayoiendeleza madarasani, na namna hiyo ndiyo Kezilahabi alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipinga, kwanza kwa kutunga na baadaye kwa hoja za kitaaluma. Kwa sababu hiyo nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako la kwanza, kama urithi upo, haliwezi kutenganishwa na la pili, uanzie wapi.

Kwanza niseme machache kuhusu mtu mwenyewe. Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Baada ya kufundisha, aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert mwaka 1976, akaenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko kwa miaka mingi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Kisiwa chake, nataka ukumbuke, kilikuwa kimekwisha kumtoa Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe miaka ya 1940 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo haikuchapwa kwa Kiswahili hadi mwaka 1980. Ukerewe si mahali pa pembeni katika fasihi yetu, na mtu akisema Kezilahabi alichota kila kitu ng'ambo, hukumu hiyo inafaa ipimwe upya.

Sehemu iliyoenea ya urithi wake ni ushairi. Mwaka 1974 alitoa Kichomi, diwani ambayo mashairi yake hayafuati vina wala mizani, na katika utangulizi wake alieleza kwamba alitaka kuleta katika ushairi wa Kiswahili lugha ya kawaida, ile ambayo watu huizungumza siku zote. Leo maneno hayo yanasikika mepesi, lakini wakati ule yalikuwa kama kumwambia mwenye nyumba kwamba nguzo zake si za lazima. Tangu Amri Abedi achapishe kanuni zake za utunzi mwaka 1954, walimu na watunzi wengi walikuwa na kipimo kilichoandikwa: beti, mishororo, vina vya kati na vya mwisho, mizani minane kwa minane. Utungo uliokosa kipimo hicho haukuitwa shairi baya. Ulinyimwa kabisa jina la shairi. Kezilahabi hakuwa peke yake katika upande wa pili. Ebrahim Hussein alikuwa akitunga kwa namna hiyo, na Mugyabuso Mulokozi pamoja na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali kiasi kwamba Jumanne Mayoka aliipa diwani yake ya mwaka 1984 jina linalotangaza mgogoro wa ushairi waziwazi.

Siwezi kuwadharau wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni zile za zamani, katika mjadala ule. Ushairi waliokuwa wakiutetea ni sanaa ya kuimbwa, na vina vyake vimewekwa kwa ajili ya sikio na kumbukumbu. Shairi la Muyaka, mtunzi wa Mombasa wa karne ya 19, limedumu midomoni mwa watu kwa sababu umbo lake linalishika lisipotee. Kezilahabi alilipa gharama ya kweli kwa kuliacha umbo hilo, kwa kuwa mashairi yake ni magumu kuyahifadhi kwa moyo, na wachache wanaweza kuyaghani harusini au msibani. Alichokipata badala yake ni mstari unaokoma pale fikra inapokoma, pamoja na ukimya baada yake. Chukua shairi lake la "Kisu Mkononi", ambamo mtu amesimama na kisu akitafakari kama kuna sababu ya kuendelea kuishi. Mizani kumi na sita ingemlazimisha mtu huyo apumue kwa kipimo, ilhali mtu aliye katika hali ile hapumui kwa kipimo. Umbo la shairi linafuata pumzi yake, na msomaji anayelisoma kwa sauti anajikuta naye akisimama mahali asipotarajia.

Ushindi wa jambo hili ni mkubwa mno hata hauonekani. Siku hizi mwanafunzi wa Tanzania na wa Kenya anafundishwa mashairi huru sambamba na yale ya arudhi, yaani yenye vina na mizani, na mtunzi kijana anayetoa diwani isiyo na vina haitwi mbele ya watu kujieleza. Vijana wanaosimama jukwaani Dar es Salaam au Nairobi na kusema mashairi yao kwa lugha ya mtaani wanakanyaga njia iliyokatwa na watu waliotukanwa kwa kuikata. Kichomi kilifuatwa na Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008, na diwani hizi mbili zinasomwa kidogo kuliko zinavyostahili, lakini ruhusa iliyotoka humo sasa ni mali ya kila mtu. Ukiniuliza kama majaribio yake yana warithi, jibu la kwanza ni kwamba wewe na wanafunzi wako ni warithi tayari, kila mnapofungua shairi huru bila kutafuta kwanza kama ni shairi.

Katika riwaya mambo yamekwenda kwa namna nyingine. Wahakiki wengi hutuambia kwamba kuna Kezilahabi wawili. Wa kwanza ni mwanauhalisia aliyeandika Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Wa pili, baada ya ukimya wa zaidi ya miaka 10 katika riwaya, ni mwanamajaribio aliyeandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba visivyofika kurasa 100 kila kimoja, ambavyo ndani yake huwezi kupata kijiji chochote cha kwenye ramani. Mgawanyo huo unasaidia kupanga mihadhara, lakini naona umemdhuru mwandishi kuliko jambo lolote jingine, kwa sababu umempa mwalimu kama wewe kisingizio cha heshima cha kumpokea wa kwanza na kumwachia profesa yule wa pili. Ukimsoma kwa makini, jaribio lilikuwemo tangu ukurasa wake wa mwanzo.

Tazama Rosa Mistika. Zakaria, baba mlevi, anakuta barua ambayo kijana Charles amemwandikia binti yake, na anampiga Rosa kipigo kisichosahaulika. Tangu siku hiyo msichana anakua akiwaogopa wanaume badala ya kuwaelewa, na anapofika shule ya bweni Mwanza, mbali na jicho la baba, uhuru unamjia wote kwa mara moja bila mtu aliyemfundisha namna ya kuubeba. Kinachofuata kinajulikana: wanaume, mimba zinazotolewa, na mwisho kujiua, baada ya yule yule Charles kumkataa kwa sababu si bikira. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, kisha kikaruhusiwa, na tangu hapo tumezoea kukifundisha kama onyo kwa wasichana. Lakini soma tena uone ni nani anayehukumiwa. Katika riwaya na hadithi za Shaaban Robert, ambazo Kezilahabi alizisoma kwa kina kuliko wengi wa kizazi chake, mtu anaitwa Adili au Utubora na maisha yake yanatimiza jina lake, na mwema hupata haki yake kabla kitabu hakijafungwa. Kezilahabi aliuvunja mkataba huo. Alimwacha msomaji bila mtu wa kumshangilia na bila adhabu ya kumridhisha, na mtu aliyezoea kufungiwa hadithi kwa wema alibaki na jambo wazi mikononi. Miaka minne baadaye akampa shujaa wa Dunia Uwanja wa Fujo jina la Tumaini na kumfikisha kwenye kitanzi.

Kichwamaji inakwenda mbali zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe, anasimulia habari zake mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Dada yake Rukia ametiwa mimba na Manase, mtu aliyesoma na mwenye cheo; Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na kisasi hicho kinageuka kuwa ndoa. Watoto wanaozaliwa na wasomi hawa wawili, Kazimoto na Manase, wanatoka na vichwa vikubwa visivyo vya kawaida. Mwishowe Kazimoto anajiua. Hebu tulia kidogo hapo, mwalimu: riwaya iliyosimuliwa na "mimi" inaishia kwa kifo cha huyo huyo "mimi". Nani basi amekuwa akisema nasi muda wote, na kutoka wapi? Mwandishi mwoga angebadili usimulizi mapema ili swali hilo lisizuke. Yeye aliliacha lizuke, kwa sababu Kazimoto ni mtu aliyepoteza mahali pa kusimama duniani, na sauti yake inapaswa ituache nasi bila mahali pa kusimama. Mwanafunzi akilielewa hilo amekwisha kuvuka nusu ya njia ya kuelekea Nagona, na hajalazimika kusikia jina la mwanafalsafa yeyote.

Kilichotokea kati ya Gamba la Nyoka na Nagona ndicho kinachoeleza kwa nini umbo lilipasuka kabisa. Kuna mambo mawili. La kwanza ni la nchi. Gamba la Nyoka inahusu kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa, na inamalizika na matumaini madogo sana. Tamthilia yake ya Kaptula la Marx, inayowacheka viongozi waliovaa nadharia isiyowaenea, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikasubiri hadi mwaka 1999 kuchapwa. Katika miaka hiyo lugha ya ahadi za umma ilitumika hadi ikachakaa, na mwandishi aliyeijua lugha hiyo kwa ndani hakuweza tena kuandika sentensi ya "mkulima alijitolea kwa moyo mmoja" kama kwamba bado ina maana ile ile. La pili ni tasnifu ya Wisconsin ya mwaka 1985, iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo alihoji mazoea ya kuichukulia kazi ya sanaa kama kioo kinachoakisi kitu kilichoko nje yake, na mazoea ya uhakiki wa Afrika kuazima vipimo kutoka kwa wengine. Kwake yeye kazi ya fasihi ni jambo linalotokea, na msomaji yumo ndani ya tokeo hilo.

Hapa nadhani utagundua kitu, kwa sababu wewe na mimi tumewahi kuwakaririsha wanafunzi maana ya ushairi iliyotolewa na Kezilahabi, ile inayoanza kwa kusema kwamba ushairi ni tukio au hali. Neno hilo la mwanzo tunalipita haraka ili tufike kwenye "maneno fasaha", kwa kuwa hayo ndiyo yanayopata alama. Kisha tunafungua daftari, tunachora mstari katikati, upande mmoja tunaandika fani na upande mwingine maudhui, na tunamwambia mwanafunzi ataje dhamira tano zenye mifano. Njia hiyo inafaa kwa riwaya nyingi. Kwa Nagona inashindwa tangu sura ya kwanza, kwa sababu humo hakuna maudhui yaliyofungwa ndani ya fani kama kitu cha kufunguliwa na kutolewa. Msimulizi hana jina, wakati hauendi mbele kwa mstari, na wanafikra waliokwisha kufa, akina Nietzsche, Marx, Freud na Darwin, wanakutwa njiani kama watu wa kawaida waliochoka. Watu wanasubiri ngoma kuu na kuzaliwa kwa mkombozi wa pili. Msomaji anayejiuliza kila ukurasa "hii inamaanisha nini?" atachoka katika ukurasa wa ishirini, na ndivyo ilivyokupata wewe. Msomaji anayejiuliza "sasa niko wapi, na nimefikaje hapa?" anaweza kuimaliza kwa jioni mbili, na nimewaona wanafunzi wakifanya hivyo wakifurahi.

Mzingile ni rahisi kidogo kuliko inavyosemwa, ukiikaribia kwa masikio. Habari za kuzaliwa kwa Kakulu mwanzoni mwake zinasimuliwa jinsi zinavyosimuliwa habari za mashujaa wa ngano, wale wanaotoka tumboni wakiwa tayari na maajabu yao, na mtu yeyote aliyelelewa na bibi mwenye hadithi anaijua sauti hiyo kabla hajaelewa maneno. Safari ya kutafuta, ambayo ndiyo mifupa ya vitabu vyote viwili, ipo pia katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ambamo wajumbe wanatumwa pande zote na kurudi na habari zisizopokelewa. Kezilahabi alichukua safari hiyo na kuiondolea mahali pa kurudi. Sikatai kwamba alisoma falsafa ya Ulaya na kwamba alama zake zimo. Yeye mwenyewe hakuzificha. Ninachokataa ni dhana kwamba ili mtu asome vitabu hivi lazima kwanza apitie Ujerumani. Unaweza kuingilia mlango wa ngano, na naona ndio mpana zaidi.

Sasa, warithi. Hakuna mtu aliyeandika Nagona nyingine, na ni vizuri hivyo, kwa sababu mwigo wa kitabu kile ungekuwa wa kuchosha. Kuna mrithi mmoja ambaye njia yake inaweza kufuatwa hatua kwa hatua, naye ni Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya. Mapema katika miaka ya 1990 aliandika makala katika jarida la Kiswahili kuhusu Nagona na Mzingile, akizichunguza kama mhakiki. Mwaka 2002 akatoa Bina-Adamu!, riwaya ya safari ya kutafuta ambayo pia haina ramani, lakini anayetafutwa humo ni aliyeiharibu dunia ya utandawazi, na mwaka 2004 akafuatisha Musaleo!. Alisoma, akahakiki, kisha akatunga kwa mahitaji ya wakati wake. Said Ahmed Mohamed, aliyekuwa bingwa wa riwaya ya kihalisia ya Zanzibar, aligeuza mwelekeo katika Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzimu wa babu unamzukia mjukuu aliyejisahau madarakani, na kwenda mbali zaidi katika Dunia Yao (2006). William Mkufya aliandika Ziraili na Zirani (1999), inayosafiri hadi ahera kujadili imani na shaka. Siwezi kusema kwamba kila mmoja wao ameazima kwa Kezilahabi moja kwa moja, kwa maana kila mmoja ana visima vyake. Ninachosema ni kwamba baada ya mwaka 1991 mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kuandika hivyo hakuhitaji tena kuthibitisha kwamba lugha yetu inaweza kubeba jambo la namna hiyo.

Nje ya Afrika Mashariki, hatima ya vitabu vyake ina mpangilio wa kushangaza. Wasomaji wa Kifaransa walipata Nagona na Mzingile katika tafsiri ya Xavier Garnier mwaka 2010, yaani mwandishi akiwa hai. Wasomaji wa Kiingereza walipata mashairi yake teule mwaka 2015 kwa kazi ya Annmarie Drury, na Roberto Gaudioso akatoa mwaka 2019 kitabu kizima kinachochunguza sanaa yake ya ushairi. Rosa Mistika, kitabu chake cha kwanza na kinachojulikana kuliko vyote nyumbani, kimefika kwa Kiingereza mwaka 2025, kikiwa kimetafsiriwa na Jay Boss Rubin na kuchapwa na Chuo Kikuu cha Yale, miaka 54 baada ya kutoka. Nafurahi kwa hayo yote, na sioni aibu kusema kwamba nafurahi zaidi mwanafunzi mmoja wa Sengerema au wa Kilifi anapokimaliza kitabu kwa lugha aliyokiandikia mwandishi.

Hapo ndipo udhaifu wa urithi huu unapoonekana. Vitabu vya mwanzo vilitolewa na wachapishaji wa zama za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, na vile viwili vya majaribio vilitolewa na mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vitabu vya namna hiyo huzunguka zaidi karibu na chuo chenyewe. Mwandishi anayesomwa kwa sababu yumo kwenye orodha ya mtihani huchapwa tena bila kuombwa, na asiyekuwemo hutegemea mapenzi ya watu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo uamuzi wa kuchapa upya uko kwa warithi na wachapishaji kwa muda mrefu bado. Kutoa vivuli vya kitabu kizima na kuwagawia wanafunzi si suluhisho, hata kama nia ni njema. Shule tatu au nne zikiagiza nakala kwa pamoja, mchapishaji anapata sababu ya kurudisha kitabu mtamboni, na walimu mna nguvu hiyo kuliko maprofesa.

Kuhusu wewe mwenyewe, ningekushauri uache Nagona ilipo kwa sasa. Rudi kwenye Kichwamaji, uisome kama hujawahi kuifundisha, ukimfuatilia Kazimoto kwa sauti yake tu. Baada ya hapo soma "Kisu Mkononi", kwa sababu diwani ya Kichomi na riwaya hiyo zilitoka mwaka mmoja na zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Kisha chukua Mzingile kabla ya Nagona, kinyume cha mpangilio wa kuchapwa kwake, na usome kurasa zake za mwanzo darasani kwa sauti, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, bila kuwapa maelezo ya utangulizi. Usiwaulize dhamira. Waulize ni hadithi gani ya nyumbani kwao iliyowajia akilini walipokuwa wakisikiliza, na ni mahali gani simulizi iliacha kufanana na hadithi hiyo. Majibu yao yataandikika hata kwa lugha ya mtihani baadaye, maana fani na maudhui ni makabati tu, na mwanafunzi aliyekwisha kuonja kitu anaweza kukipanga kwenye kabati lolote. Nagona itakuwa tayari kusomwa baada ya hapo, na uisome kwa mikao miwili au mitatu mirefu badala ya kurasa tano kila usiku, kwa kuwa ukiikatakata unapoteza mwendo wake na kubaki na mafumbo tu. Dhifa iache iwe ya mwisho. Ni kazi ya mtu aliyekwisha kusema mengi, na inasomeka vizuri na msomaji aliyemsikia tangu mwanzo. Tasnifu ya mwaka 1985 iko kwa Kiingereza na ni ngumu, lakini maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe inaweza kukusaidia kuitafuta, na sehemu zake zinazojadili kufasiri zinatosha kumfanya mwalimu abadili namna anavyotunga maswali ya muhula mzima.